Napika sufuria mbili tangu mume wangu aambiwe ana kisukari

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Tanga mjini. Nina miaka 41, mume wangu ana 52, tuna watoto wanne, na mama mkwe tunakaa naye hapa nyumbani tangu baba mkwe alipofariki. Shida yangu ni ya jikoni. Naomba usiione ndogo, maana imeshaingia hadi chumbani.

Mwaka jana baada ya Idi mume wangu alianza kukonda. Kiu haimwishi, usiku anaamka mara kwa mara kwenda chooni. Tulipokwenda kupima akaambiwa ana kisukari aina ya pili. Akaandikiwa vidonge, akapewa na karatasi ya vyakula. Karatasi ile ina vitu ambavyo sokoni kwetu sijawahi kuviona, na vingine vipo ila kwa nyumba ya watu saba hatuviwezi. Vilivyokatazwa ndivyo tunavyovila: wali, chapati, maandazi, nazi, sukari, na kila cha kukaanga.

Mimi nimelelewa Pangani na bibi mzaa mama. Kabla sijajua kusoma vizuri nilikuwa najua kukaa kwenye mbuzi nikakuna nazi, nikachuja kasimile nikaiweka kando, wali nikaupikia tui la pili, na mchuzi nikaumalizia kwa kasimile moto ukiwa mdogo ili tui lisikatike. Nilipoolewa hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu. Ijumaa mume wangu alikuwa akija na wenzake wa kazini, anawaambia njooni mle samaki wa kupaka wa mke wangu. Si msemaji mimi, Mama. Mengi ya moyoni mwangu nimeyasemea jikoni.

Sasa napika sufuria mbili. Yake ni ugali wa dona, mchicha wa kuchemsha bila mafuta wala chumvi, na samaki wa kuchemsha. Yetu ni kama zamani. Wifi yangu aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyenishauri hivyo, kwamba mgonjwa apikiwe chake, watoto wasiteseke. Mume wangu anakula mezani peke yake, sisi tunakula sinia mkekani. Mwanzo alivumilia. Siku hizi anakula matonge mawili matatu anasukuma sahani. Wiki iliyopita mtoto wetu wa mwisho alimfichia kipande cha kuku wa kukaanga chini ya mboga kwa kumwonea huruma baba yake. Niliingia chumbani nikalia. Halafu nimekuja kujua kwamba usiku akitoka kuswali Isha anapita kwenye chipsi mayai kabla ya kurudi nyumbani. Kliniki ya mwisho sukari ilikuwa juu kuliko ya mwanzo.

Mama mkwe naye ananiambia, "Mkamwana, mwanangu unamlisha chakula cha wodini." Anaamka alfajiri anamkaangia maandazi. Nikisema neno, nimemzuia mtu asile mkono wa mama yake.

Na kuna bwana anayepita mtaani na unga wa mizizi. Anasema ukinywewa miezi mitatu vidonge vya hospitali vinaachwa. Mume wangu ameanza kumsikiliza.

Ninachotaka kujua: niendelee na sufuria mbili? Wali wa nazi ndiyo basi tena katika nyumba yangu? Mama mkwe nimwambieje bila kumvunjia heshima? Na Ramadhani inakuja, mume wangu anaweza kufunga?

Mwanao,
S., Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Sufuria moja iondoke. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo jibu langu, na yote yatakayofuata ni namna ya kulitekeleza.

Wifi yako alikuwa na nia njema, ila tazama kilichotokea. Baba mwenye nyumba anakula peke yake chakula kisicho na ladha, huku anasikia kicheko cha watoto wake mkekani na harufu ya chakula alichokizoea miaka yote ya ndoa yenu. Mtu wa hivyo hataacha kwenda kwenye chipsi. Pale anapata chumvi, anapata kitu cha moto, anapata na watu wa kukaa nao. Mama yangu mzazi aliishi na kisukari hadi uzeeni na mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia, kwa hiyo nakuambia nikiwa na uhakika: mgonjwa wa kisukari hahitaji chakula cha peke yake. Anahitaji chakula kizuri, kwa kiasi chake, kwa wakati wake, na nyumba nzima ile hicho hicho.

Watoto wako ndio sababu yangu ya pili, na kwangu mimi ina uzito kuliko ya kwanza. Kisukari aina ya pili hutembea katika familia. Hao wanne wana hatari kubwa zaidi ya kukipata ukubwani kuliko watoto ambao wazazi wao hawanacho. Ukiwapikia chapati za mafuta kila jioni kwa kuwahurumia wasiteseke na ugonjwa wa baba yao, unawaandalia ugonjwa ule ule. Wewe mwenyewe umeshapita 40. Mama mkwe naye ni mtu mzima, chumvi na mafuta mengi havimfai. Hakuna mtu katika nyumba hiyo ambaye chakula kinachomfaa mumeo kitamdhuru.

Sasa nikutoe hofu kuhusu mambo matatu unayoyafanya kwa juhudi kubwa bila faida.

Ugali wa dona ni mzuri. Una nyuzinyuzi na vitamini ambavyo sembe imevipoteza mashineni. Lakini bado ni wanga, na sahani iliyojaa dona itapandisha sukari yake. Ulichobadilisha ni aina ya unga, na katika barua yako sijaona mahali ulipobadilisha ukubwa wa ugali. Muhogo, viazi vitamu, ndizi za kupika na shelisheli ziko kundi hilo hilo la wanga, ingawa wengi wetu tunaziita chakula chepesi. Usiweke viwili pamoja, muhogo na wali, ukadhani umempunguzia.

Mchicha bila chumvi wala mafuta hakuna aliyekuagiza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai. Hicho ni kiasi kinachotosha kumpa mtu ladha, mradi tu chumvi nyingine isiingie kwa mlango wa nyuma. Inaingia kwa vile vidonge vya kuongeza ladha tunavyovivunjia kwenye mchuzi, inaingia kwa ng'onda na papa mkavu. Ng'onda mloweke usiku kucha, yale maji yamwage. Vidonge hivyo vya ladha viache kabisa. Wewe ni mwanafunzi wa bibi wa Pangani, una ndimu, ukwaju, embe bichi, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili, bizari na giligilani. Mwenye hivyo vyote hana shida ya ladha. Na kijiko cha mafuta katika mboga ya watu saba hakimdhuru mtu, tena mafuta kidogo huusaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika majani ya kijani.

La tatu ni vile vya kwenye karatasi. Yananikera sana makaratasi haya yanayomwambia mama wa Tanga anunue chakula cha jiko la mtu mwingine. Shayiri za kopo, mchele wa kahawia wa dukani, biskuti zilizoandikwa za wagonjwa wa kisukari: achana navyo. Biskuti ya namna hiyo hata isipokuwa na sukari bado ni ngano. Pesa hiyo nenda nayo soko la Mgandini. Nunua kunde, choroko, mbaazi, dagaa, vibua, bamia, bilinganya, matembele, mchunga. Kunde na jamaa zake zina wanga, ila wanga wake huingia kwenye damu polepole, zina protini, na zinashibisha. Ningekuwa mimi, siku tatu kwa wiki kitoweo cha nyumba kingekuwa kunde au choroko.

Tuje kwenye sinia, maana najua hapo ndipo utakaponiuliza: nitampimiaje mtu chakula kilichochanganywa? Sitaki muache kula pamoja. Nataka mpangilio wa sinia ubadilike. Kwa kawaida wali unajaa katikati, kitoweo kinakaa juu yake, na kachumbari inawekwa pembeni kidogo. Fanya mboga ziwe nusu ya sinia, mboga mbili kama unaweza, moja ya majani na moja ya bamia au bilinganya. Nusu iliyobaki igawane wali na samaki. Kipimo ni mkono wa kila mtu: wanga usizidi ngumi yake iliyofungwa, samaki au nyama isizidi kiganja chake, mboga apate za kujaza mikono miwili. Mtoto ana mkono mdogo, baba ana mkubwa, kipimo kinajirekebisha chenyewe bila mizani na bila ugomvi. Halafu waanze na mboga na kitoweo, wali uje baadaye. Kula kwa mpangilio huo husaidia sukari isipande kwa ghafla baada ya chakula, na mtu anaufikia wali njaa imeshapungua.

Wali wa nazi haujaondoka katika nyumba yako. Upike Ijumaa. Nazi yenyewe haipandishi sukari kwa kasi, shida yake ni nyingine: sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya, na mtu mwenye kisukari tayari yuko katika hatari zaidi ya maradhi ya moyo na kiharusi. Kwa hiyo tunapunguza, hatuifukuzi. Ulichofundishwa na bibi yako ndicho kitakachokusaidia. Wali upikie tui la pili, tena lichuje mara moja zaidi liwe jepesi, usirudishie kasimile juu kama tunavyofanya ukiwa wa wageni. Kasimile ya nazi moja iweke kwa ajili ya samaki tu. Samaki wa kupaka anachomwa makaani kwanza, hana haja ya kukaangwa. Mpake ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, umwache akolee, umchome, kisha umpake rojo la kasimile jembamba lililokolea ndimu. Harufu yake itafika barazani kama zamani. Wenzake wa kazini waalike tena.

Siku zingine nazi ipumzike. Kunde za kitunguu na nyanya zilizoiva hadi zikawa rojo hazihitaji nazi. Kisamvu unaweza kukiunga kwa karanga zilizosagwa, ila usiharakishe: kisamvu kitwangwe vizuri na kichemke sana, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kupikwa.

Kifungua kinywa ndicho kigumu, na naona hata barua yako imekipita haraka. Chai ya pwani tunaipikia sukari ndani ya birika, inaingia chupa ya chai ikiwa tamu tayari, na kila anayemimina amekubali utamu wa mpishi. Anza hapo. Sukari itoke kwenye birika ikae mezani kwenye kibakuli. Kijiko cha chai kimoja kina kama gramu 4. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na linasema ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambazo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama vijiko sita kwa siku nzima. Mwenye kunywa vikombe viwili vya vijiko vitatu amezimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Watoto wapunguze nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Baba yao aelekee kwenye chai isiyo na sukari kabisa. Iliki, mdalasini, mchaichai na tangawizi viweke vingi, chai yenye viungo haiombi sukari sana. Asali na sukari guru zisikudanganye, kwa kisukari ni sukari. Na machungwa ya Muheza ayale, asiyakamue: glasi moja ya juisi inakula machungwa matatu au manne, na zile nyuzi zilizokuwa zikipunguza kasi ya sukari zinabaki kwenye chujio.

Cha kulia chai kiwe yai la kuchemsha, au kunde zilizobaki jana zilizopashwa moto vizuri, au kipande kimoja cha kiazi kitamu na karanga za kuchemsha, au bakuli la mbaazi. Pwani tunakula mahamri mengi kwa mbaazi kidogo. Geuzeni: mbaazi zijae bakuli, hamri liwe moja, na liwe la Jumapili. Chapati nazo ziwe za siku moja kwa wiki, nusu unga wa atta, na mafuta upake kwa kijiko badala ya kumimina.

Mama mkwe wako usimwambie lolote. Nimelifikiria sana hili. Ukimwambia wewe, hata kwa magoti, litakuwa neno la mkamwana dhidi ya mkono wa mama. Maneno haya ni ya mumeo. Akae na mama yake, wewe usiwepo, amweleze: "Mama, mgonjwa ni mimi, na mimi ndiye niliyemwomba mke wangu apike hivi. Maandazi yako nayapenda, ila sukari imepanda." Mwanamume wa miaka 52 anaweza kusema hayo kwa mama yake, na asipoyasema anakuachia wewe mzigo ambao si wako. Baada ya hapo mpe mama nafasi jikoni, tena ya heshima. Muulize mchunga unaondolewaje uchungu, mlenda waliuungaje wakati wao, choroko za shamba zilipikwaje. Wazee wa pwani wanajua mboga nyingi za porini na za pembezoni mwa shamba ambazo watoto wako hawazijui hata kwa majina. Akiamka alfajiri kwa mapenzi ya mwanawe, apike mbaazi. Anachotaka ni kumlisha mwanawe, na hilo hakuna atakayemnyima.

Na mumeo mwenyewe aingie jikoni. Aende sokoni na wewe, aparue samaki, achague mboga anazoziweza. Mpaka sasa anapokea tu: anapokea vidonge, anapokea sahani, anapokea maonyo. Mtu aliyechagua bamia zake mwenyewe sokoni hazisukumi mezani. Kuhusu chipsi za usiku, msikabane. Mwambie unajua, mwambie na kwamba umeelewa kwa nini. Akitoka Isha asikute nyumba imelala, akute chakula chake cha usiku kikimsubiri pamoja nanyi. Mkishakula tembeeni wawili hata dakika 15. Misuli ikifanya kazi baada ya chakula huchukua sukari kutoka kwenye damu, na nyie wawili, kwa jinsi ulivyoniandikia, mna mengi ya kuzungumza njiani.

Huyo bwana wa unga wa mizizi namkataa moja kwa moja. Hakuna unga unaofanya vidonge vya kisukari viachwe kwa miezi mitatu. Mlonge kama mboga mpikieni, karela kama anaipenda aile, lakini dawa aliyoandikiwa asiiache wala asiipunguze bila daktari wake. Sukari iliyo juu haiumi kila siku, ndiyo maana mtu anaweza kudanganyika kwamba amepona huku macho, figo na miguu vikiharibika kimya kimya. Miguu yake itazame kila jioni, kidonda kidogo kisidharauliwe. Macho yakapimwe kila mwaka.

Kuna jambo moja la hatari ambalo sijui kama mlielezwa. Baadhi ya dawa za kisukari, kama glibenclamide na sindano za insulini, zinaweza kushusha sukari kupita kiasi, hasa mtu akimeza dawa kisha asile. Mume anayesukuma sahani baada ya matonge mawili yuko katika hatari hiyo kama dawa yake ni ya kundi hilo. Ulizeni kliniki. Ukimwona anatoka jasho la ghafla, anatetemeka, anachanganyikiwa au macho yanaingia giza, mpe haraka vijiko vinne vya sukari katika maji, subiri dakika 15, hajapata nafuu mrudishie, kisha ale chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimpe kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Kwa hiyo sukari isiishe nyumbani, na watoto wakubwa wajue ilipo na kazi yake.

Jipeni miezi mitatu ya sufuria moja, halafu ombeni kipimo cha HbA1c. Hicho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, hakidanganywi na mtu aliyejibana siku mbili kabla ya kliniki. Kwa watu wazima wengi madaktari hulenga chini ya asilimia 7, ila lengo la mumeo atalitaja daktari wake. Nenda naye siku hiyo. Mpishi asikie majibu kwa masikio yake.

Ramadhani, mwanangu, siwezi kukujibu kwa barua, na asikujibu mtu yeyote asiyejua dawa anazotumia. Wako wenye kisukari wanaofunga salama na wako ambao kufunga kunawahatarisha, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Muoneni daktari mwezi mmoja au miwili kabla, Rajabu au Shaabani, kwa sababu anayeruhusiwa kufunga mara nyingi hubadilishiwa saa za dawa na wakati mwingine kipimo chake. Akiruhusiwa, daku aile kwa kuchelewa na asiiruke. Kupima sukari mchana hakumharibii mtu saumu, wanazuoni wengi wamelieleza hilo, kwa hiyo asiogope kupima, na sukari ikishuka chini ya 3.9 kwa mashine inayosoma mmol/L afungue papo hapo. Futari iwe tende moja na maji, supu ya samaki au ya kunde, kisha chakula cha sinia kwa kipimo kile kile cha mkono. Tambi za sukari, kaimati na vitumbua kila jioni kwa siku 30 ndivyo vinavyowarudisha wengi kliniki baada ya Idi wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoingia mwezini. Hivyo mviweke siku chache, vidogo, na watoto nao wavile kwa utaratibu huo.

Nikipata barua yako baada ya kipimo nitafurahi. Niandikie na jinsi mama alivyokufundisha kuondoa uchungu wa mchunga.